Kiti mwendo bila msaidizi aliyefundishwa hakitoshi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalozigusa nyumba nyingi za Tanga, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Pongwe. Kila ifikapo tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, viti mwendo hugawiwa, hotuba hutolewa na picha hupigwa. Wanaotoa wanafanya la maana na tunawashukuru. Lakini kiti kikishafika nyumbani, lazima awepo wa kumhamisha mwenyewe kutoka kitandani, wa kumgeuza usiku, wa kuangalia ngozi yake na mfuko wake wa mkojo. Aghalabu huyo ni mdogo wake, mpwa, mke, au kijana aliyeletwa kutoka Lushoto au Handeni kufanya kazi za ndani, na hakuna aliyemwonyesha lolote. Sisi tunaoandika barua hii ndio wafanyakazi wa kazi hiyo, wengine kwa ujira, wengine kwa udugu. Tunachoomba ni kimoja: msaidizi afundishwe kwa vitendo kabla ya kuachiwa mtu mzima mwenye ulemavu, na kazi yenyewe ihesabiwe kuwa ni ujuzi.

Tuanze na kiti, kwa kuwa ndicho kinachoonekana. Mwongozo wa viti mwendo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 unataja hatua 8: mtu kupokelewa, kupimwa, kuandikiwa kiti kinachomfaa, kutafuta fedha na kuagiza, kukitayarisha, kumkalisha na kukirekebisha, kumfundisha matumizi, kisha kufuatilia na kutengeneza. Viti vikigawiwa uwanjani, hatua karibu zote hurukwa. Mtu mwembamba hupewa kiti kipana, akainamia upande mmoja siku nzima hadi mgongo ukapinda. Upana wa kiti unatakiwa ulingane na upana wa nyonga zake akiwa amekaa. Kina cha kikalio hupimwa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hupunguzwa sentimita 3 hadi 6. Kikizidi hapo, ukingo unamsukuma nyuma ya magoti, naye huteleza mbele na kukalia mfupa wa mkia. Vikanyagio vikiwa juu mno, magoti hupanda na uzito wote hushukia mifupa miwili ya makalio. Utepe wa fundi cherehani unatosha kwa vipimo hivi. Akipatikana fundi aliyesomea, kama wanaotoka TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi pale hospitali ya KCMC Moshi, ni bora zaidi, ila kumsubiri yeye kusiwe sababu ya kutopima.

Mitaa yetu mingi ni mchanga. Kiti cha hospitali chenye vigurudumu vidogo mbele kimeundwa kwa ajili ya sakafu. Kikiingia mchangani, kigurudumu huzama ghafla na aliyekaa hurushwa mbele. Kwa mtu anayetoka kila siku, kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele kubwa, lililosogezwa mbali na miguu, kinafaa zaidi. Mwenye kiti cha hospitali avushwe kwa kukiinamisha kiti nyuma, vigurudumu vya mbele vikiwa hewani, au kwa kukivuta kinyumenyume. Tairi zikaguliwe kila wiki kwa kubonyeza na kidole gumba: zisibonyee kufika nusu sentimita. Tairi iliyolegea haishikwi na breki, na wengi wanaoanguka wakati wa kuhamishwa huanguka kwa sababu hiyo, ilhali lawama humwendea msaidizi kwamba hakufunga breki. Halafu kuna hewa ya bahari. Kifutwe kwa maji ya bomba, kikaushwe, na beringi zitiwe grisi kabla hazijaanza kulia. Kabla ya kupokea kiti, uliza saizi ya tairi zake. Tanga ni mji wa baiskeli na tyubu ya inchi 24 au 26 hupatikana, na fundi baiskeli yeyote anaweza kunyoosha ringi na kubadili spoku. Kiti chenye tairi za saizi isiyouzwa hapa huishia uani kikianikiwa nguo.

Nyumba zetu za Kiswahili zina baraza, na baraza ndiyo inayowafungia watu ndani. Mteremko salama ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Baraza ya sentimita 40 basi inataka mteremko wa mita 4 na sentimita 80, nafasi ambayo mbele ya nyumba nyingi haipo. Fundi wengi hufupisha, wakajenga mita moja na nusu, na mteremko huo humbwaga mtu. Dawa yake ni kuujenga ukienda sambamba na ukuta, na ukilazimika kupinda, pawe na sehemu bapa ya mita 1 na nusu pale unapopinda. Pasipowezekana kabisa, wawepo watu wawili kwenye ngazi. Kiti kipande kinyumenyume, mwenye nguvu zaidi akiwa nyuma kwenye mishikio, mwingine mbele akishika fremu yenyewe. Asishike vikanyagio wala sehemu za kuegeshea mikono, maana hivyo hutengenezwa ili vichomolewe, na vitamtoka mkononi katikati ya ngazi.

Sasa ngozi, na hapa tunaomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu vidonda vya kulalia huua watu wazima ambao ulemavu wao wenyewe usingewaua. Aliyepooza hasikii maumivu, kwa hiyo hajigeuzi. Mfupa unaikandamiza nyama, damu haipiti, nyama hufia ndani kabla ngozi haijapasuka. Kidonda kidogo kinachoonekana juu chaweza kuwa na shimo la kuingiza kidole chini yake. Sehemu za kuangalia asubuhi na usiku ni mfupa wa mkia, mifupa ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega na kisogo. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia kiganja. Tafuta palipo na joto kuliko pembeni, palipokuwa pagumu au pamekuwa kama tope, au palipoongezeka weusi na hapabadiliki rangi ukipabonyeza. Ukipaona, pasikaliwe wala kulaliwa hata kidogo mpaka parudi hali ya kawaida. Usipakande kwa mafuta, utazidi kuumiza nyama iliyo chini. Wala usimkalishe juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati: ukingo wake hukata damu kuelekea palepale unapotaka kupaokoa.

Kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Asilazwe ubavu kabisa juu ya mfupa wa nyonga. Ainamishwe kiasi cha nyuzi 30, mto ukiwa nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro. Kitini aondoe uzito kwenye makalio kila nusu saa au chini ya hapo, na akae hivyo kwa dakika 2 hivi. Kujiinua kwa mikono kwa sekunde chache hakutoshi na humwumiza mabega. Ainame mbele kifua kielekee magotini, au msaidizi akiinamishe kiti nyuma na kukiegemeza juu ya mapaja yake akiwa amekaa kitandani.

Mto wa kukalia una kipimo kinachofanywa bila kifaa chochote. Mtu akiwa amekaa, ingiza vidole vyako kati ya mto na makalio yake, kiganja kikitazama juu, mpaka vikae chini ya mfupa. Ukiweza kuvichezesha juu na chini nusu sentimita, mto ni salama. Ukishindwa kuvichezesha lakini vikachomoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa visichomoke, mto huo usikaliwe hata siku moja. Rudia upande wa pili, kwa kuwa wengi hukaa upande. Sponji ya madukani huchoka baada ya miezi kadhaa na haionekani kwa macho. Kipimo hicho cha vidole kirudiwe kila mwezi. Foronya iwe ya pamba. Nailoni ikigusa ngozi wakati wa joto la kaskazi, jasho hulainisha ngozi hadi ikachubuka kwa kuvutwa shuka tu.

Kidonda kikishafunguka ni cha kupelekwa kituo cha afya. Nyumbani kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu. Spiriti inaunguza nyama mpya inayoota. Unga wa kapsuli unaomiminwa juu hauponyi, unaganda na kuficha usaha. Chakula nacho ni dawa: dagaa, maharage, mayai na samaki kila siku, kwa sababu kidonda hakizibi kwa chai na mkate.

Kumhamisha mtu ndiko kunakovunja migongo yetu, na mabega yao. Aliyepata kiharusi akinyanyuliwa kwa kushikwa kwapani, bega la upande uliolegea hutoka mahali pake na maumivu hubaki miaka. Kiti kiwekwe kando ya kitanda, kimegeuzwa kidogo kuelekea kitanda, upande wa mwili wake wenye nguvu. Breki zifungwe, vikanyagio viondolewe, asogezwe ukingoni, miguu yake ikanyage chini. Msaidizi aweke magoti yake mbele ya magoti ya mwenzake kuyazuia yasilegee, amshike nyuma ya nyonga, wainame wote mbele, wahesabu pamoja, na mwenyewe ndiye aseme "tatu". Mtu asiyejua lini atanyanyuliwa hukaza mwili, na mwili uliokaza ni mzito maradufu. Anayeweza kukaa lakini hawezi kusimama atafaidika na ubao wa kutelezea: mbao au plaiwudi ngumu ya unene wa sentimita 2, urefu wa 70, upana wa 25, kingo zikiwa zimepigwa msasa mpaka mviringo na juu pakipakwa vanishi. Seremala yeyote wa mjini anautengeneza. Usitumike kwa ngozi iliyo wazi. Avae nguo au utandikwe khanga, la sivyo ngozi hushika na kuchunika.

Pwani yetu ina wakwezi wa minazi na ina bodaboda, kwa hiyo ina watu wengi walioumia uti wa mgongo. Wenye mpira wa mkojo wanahitaji mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu saa zote, umwagwe ukifika thuluthi mbili, na usining'inizwe juu ya mshikio wa kiti kwa sababu mkojo hurudi. Kuna hatari moja ambayo kila msaidizi lazima aijue, na ambayo hata baadhi ya wahudumu wa afya huipitia bila kuitambua. Aliyeumia kuanzia usawa wa kifua kwenda juu akipata kichwa kuuma kwa nguvu na ghafla, uso ukatoka jasho na kuwaka, huku miguu ikiwa ya baridi, presha yake inapanda kwa kasi na yaweza kupasua mshipa kichwani. Wengi humpa dawa ya maumivu na kumlaza wakidhani ni malaria. Kumlaza ndiko kunakomwua, kwani presha huzidi kupanda. Mkalishe wima, miguu ishuke chini, legeza mkanda na nguo zote. Kisha fuata mpira wa mkojo kwa mkono tangu mwilini hadi kwenye mfuko: umekunjika, ameukalia, au mfuko umejaa? Ukiunyoosha na mkojo ukatiririka, kichwa hutulia baada ya dakika chache. Mkojo usipotoka, mpira umeziba na ni lazima ubadilishwe hospitali saa hiyohiyo. Ikiwa si mkojo, huenda ni choo kigumu, kidonda, au kitu kinachomchoma asikisikie. Mkifika hospitali, mwambieni muuguzi presha yake ya kila siku. Wengi wao huwa na 90 kwa 60, kwa hiyo 130 kwa 80, ambayo kwa mtu mwingine ni ya kawaida, kwake yeye tayari imepanda. Tunashauri iandikwe kwenye kadi na kadi ikae mfukoni mwa kiti.

Kulisha nako kuna namna yake. Akae wima, kidevu kikiinama kidogo, kijiko kiwe kidogo, na tonge la pili lingoje la kwanza limezwe. Anayekohoa kwa maji matupu au sauti yake kuwa kama ina maji kooni baada ya kunywa anaweza kuwa salama zaidi kwa uji mzito, lakini apimwe kwanza. Asilazwe mpaka nusu saa ipite. Kumwinamisha kichwa nyuma ili chakula "kiteremke" ni kukipeleka mapafuni.

Mwenye kifafa alazwe ubavu, kisiingizwe kitu mdomoni, saa itazamwe. Degedege likipita dakika 5 apelekwe hospitali. Dawa zisikatishwe ghafla. Mwezi wa Ramadhani wengi wetu hupanga wenyewe kuhamishia vidonge daku na futari bila kuuliza, na degedege huzidi mwezi huo. Mengi huweza kupangwa, ila apange daktari, tena kabla ya mwezi kuandama.

Yote haya ni ya mwili. Lililo gumu zaidi kufundisha ni kwamba tunayemhudumia ni mtu mzima. Mwanamume wa miaka 40 mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kubishiwa hodi, kuogeshwa na mwanamume mwenzake, kuchagua kanzu au shati, kwenda msikitini au kanisani, na kuulizwa yeye, si mama yake, kinachomwuma. Asiyeweza kusema aonyeshwe vitu viwili mkononi, kisha asubiriwe. Macho yake au mkono wake vitajibu, lakini jibu laweza kuchukua sekunde 10 au zaidi, na wengi wetu hukata tamaa baada ya 2, tukamchagulia. Akikataa kuoga leo, tafuta sababu: maji ya baridi, mlango usiofungwa, bega linalouma. Mara nyingi ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 19 inazungumzia haki ya kuishi katika jamii na kuchagua maisha yako. Haki hiyo huheshimiwa au huvunjwa na msaidizi saa moja asubuhi, nguo zikiwa mkononi.

Fedha ndizo huleta ugomvi mwingi, basi tuwe wazi. Msaidizi asijue namba ya siri ya simu ya anayemhudumia. Asiyeweza kuitumia mwenyewe achaguliwe ndugu mmoja, na kila shilingi iandikwe daftarini pamoja na risiti, sahihi mbili kila mwisho wa wiki. Hilo humlinda mwenyewe na humlinda msaidizi dhidi ya kusingiziwa. Daftari hilohilo libebe saa za kugeuzwa, dawa, mkojo, hali ya ngozi na degedege, ili anayeingia zamu asianze kwa kukisia.

Kuhusu sisi wenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka. Anayemgeuza mtu kila saa 2 usiku na kupika mchana hana hata moja kati ya hayo. Mtu asiyelala hukosea dawa na hudondosha mtu. Familia inayoweza kuajiri iandike mkataba na ipange mtu wa pili wa zamu ya usiku, hata akiwa ndugu. Isiyoweza isaidiwe na majirani kwa zamu zilizoandikwa, si kwa "nitapita kesho".

Ombi letu ni hili. Hospitali na vituo vya afya visimruhusu mtu aliyepooza kurudi nyumbani mpaka msaidizi wake amemgeuza, amemhamisha na amemwaga mfuko wa mkojo mbele ya muuguzi, kwa mikono yake mwenyewe, angalau mara tatu bila kukosea. Halmashauri ya Jiji ikae na chuo cha ufundi stadi cha VETA Tanga, waandae mafunzo mafupi ya wasaidizi, siku 10 zinatosha kuanzia, na nusu ya walimu wawe watu wenye ulemavu wenyewe, walipwe kama walimu wengine. Wao ndio wanaojua mkono wa msaidizi unapokosea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa. Kamati hizo ziorodheshe nani anamsaidia nani, ili mafunzo yawafikie walio ndani kabla ya walio kwenye semina. Na katika asilimia 2 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha watu wenye ulemavu, vikundi vya kushona mito ya kukalia, kuchonga mbao za kutelezea na kutengeneza viti vifikiriwe, maana wateja wapo mitaani na bidhaa haipo.

Atakayegawa viti Desemba ijayo tunamwomba aje na utepe wa kupimia, pampu na mto kwa kila kiti, na amwite msaidizi pamoja na mwenye kiti. Tuko tayari kuja kuonyesha namna ya kupima.

Ni sisi,
Wasaidizi wa watu wazima wenye ulemavu,
Ngamiani, Tanga.